Ayubu Aliyenyamazishwa: Subira, Ushuhuda na Kilio katika Makanisa ya Nchi ya Chai

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa na mazoea ya kuziacha kazi za Kikristo nje ya mlango wake. Tendi za Kiislamu za pwani zimehaririwa, zimefasiriwa na kufundishwa vyuoni, na ndivyo inavyostahili. Ushuhuda, utanzu simulizi unaotongolewa kila Jumapili katika maelfu ya makanisa ya bara, haujapata hata robo ya heshima hiyo. Muumini hataki uhakikiwe kwa kuwa anauona kuwa ni kazi ya Roho. Mhakiki naye, hasa yule aliyelelewa katika nadharia za miaka ya sabini na themanini, hana haja ya kuuhakiki kwa kuwa amekwisha kuuhukumu kuwa ni kasumba. Wote wawili wanakubaliana, bila kujua, kwamba ushuhuda hauna fani. Makala haya yanashikilia kwamba fani unayo, tena fani kali, na kwamba fani hiyo ndiyo inayoamua ni maumivu gani yaruhusiwe kutamkwa mbele ya Mungu na yapi yanyamaziwe.

Eneo linalochunguzwa ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Kiswahili huko si lugha ya mama ya wenyeji; Wakipsigis wana lugha yao. Lakini tangu kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipoanza kulima chai Kericho katika miaka ya 1920, mashamba yamewakusanya Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, Waluhya na wengineo katika kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Kiswahili kinachosemwa mbele ya mizani ya majani chai siku ya Jumatatu ndicho kilichosemwa kanisani jana yake. Kwa hiyo mtu anaposimama kushuhudia hutumia lugha aliyoipata kazini na katika Biblia, wala si ile aliyolilia utotoni. Jambo hili si dogo, ingawa wachunguzi wa isimujamii hulitaja na kulipita.

Umbo la ushuhuda linajulikana. Msimulizi husimama, husema "Bwana asifiwe", akaitikiwa "Amina". Hujitaja kuwa ameokoka. Husimulia shida: ugonjwa, karo ya mtoto, kazi iliyopotea, bonasi ndogo isiyotosha deni. Halafu huja neno "lakini", ambalo ndilo kiini cha utanzu huu, na baada yake Mungu hutenda. Hadhira huitikia, na msimulizi huomba "tukumbukane katika maombi", akaketi. Mara nyingi kiongozi hutilia muhuri kwa kusema "Mungu ni mwema", watu wakajibu "kila wakati".

Umbo hili halikuzaliwa Kericho. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, uliufanya ushuhuda wa hadharani kuwa alama ya mtu aliyeokoka. Mapokeo ya utakatifu ya wamisionari wa Kimarekani, yaliyozaa Africa Gospel Church katika eneo hili, nayo yalikuwa na ushuhuda wake. Inafaa kukumbuka kwamba ushuhuda wa Uamsho ulikuwa kwanza wa toba: mtu alisimama kueleza alichoiba na aliyemchukia, na mara nyingine kumrudishia mwenye mali mali yake. Kadiri miaka ilivyopita, dhambi ikapungua katika usimulizi na shida ikachukua nafasi yake. Msamaha ukapungua na mafanikio yakaongezeka. Umbo limebaki lilelile, ila lilikuwa la mkosaji na sasa ni la mshindi.

Sarufi ya ushuhuda wa leo inathibitisha madai haya. Shida husimuliwa katika njeo ya -li-: nililia, nilikosa, waliniambia sitapona. Tendo la Mungu huja katika hali timilifu ya -me-: ameniponya, amenifungulia mlango. Ni nadra kabisa shida kusimuliwa kwa -na-. Mtu ambaye mtoto wake anaumwa sasa hivi, yuko wodini, na hali yake haieleweki, hana ushuhuda, ana "ombi". Ombi hutajwa kwa sentensi moja, likapokewa na mchungaji, likaingizwa katika sala ya jumla pamoja na viongozi wa nchi na walio safarini. Utanzu wenyewe, basi, umekwisha kupanga kwamba shida ipewe nafasi ndefu pale tu ilipokwisha kwisha.

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la fani peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wengi wasio wenyeji walishambuliwa na kufukuzwa katika kambi za mashamba ya chai ya Kericho, wako waliouawa. Chukua mfano wa wanawake wawili waliokaa vyumba jirani, mmoja akaokoka na mwingine akapoteza mume. Yule wa kwanza ana ushuhuda kamili: shida, "lakini", wokovu. Akisema kanisani kwamba Bwana alimficha kwa sababu alimtumainia, hasemi uongo, anasema alilopitia. Lakini sentensi yake ina mkia asioukusudia, na jirani yake aliyeketi benchi la nyuma anausikia vizuri: basi mume wangu hakufichwa kwa nini? Utanzu haumpi mjane huyu mahali pa kusimama. Akisimama na -na- yake, ataombewa. Akingoja mpaka -na- igeuke -me-, huenda akangoja maisha yake yote.

Woga wa siku hizi una sura nyingine. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu walioona kwamba zinawanyang'anya kazi. Ni vigumu kuupata woga huo katika umbo la ushuhuda, kwa kuwa hauna "lakini" yake bado.

Katika mahubiri ya dhiki, mfano unaokimbiliwa ni Ayubu. Ila Ayubu huyo ni yupi? Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sura mbili za kwanza zinasimulia jinsi alivyopoteza mali, watoto na afya, akainama na kuabudu. Sehemu ya pili ya sura ya mwisho inasimulia jinsi alivyorudishiwa. Kati ya ncha hizo mbili kuna mashairi marefu ambamo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anamtuhumu Mungu kwa kumwinda kama mnyama, na kudai wakutane mbele ya mwamuzi. Ayubu wa mahubiri anaruka kutoka sura ya 2 hadi sura ya 42. Ni Ayubu wa -li- na -me-, na kwa hakika ni ushuhuda mtupu. Kilichokatwa ni zaidi ya sura thelathini na tano, na ndicho kilichokifanya kitabu kiwe fasihi kubwa.

Si kanisa pekee lililomfupisha hivyo. Kiswahili kilikuwa na Ayubu wake kabla ya Biblia kamili kuchapishwa kwa lugha hii. Utendi wa Ayubu, uliotungwa katika bahari ya utendi ya mizani nane na vipande vinne, unafuata mapokeo ya Kiislamu ambamo Ayubu ni kigezo cha subira na mkewe ni kigezo cha uaminifu katika kumtunza. Katika mapokeo hayo nabii hamgombezi Mola wake, na ndani ya itikadi yake utendi huo ni kazi kamilifu isiyopungukiwa na kitu. Lakini wafasiri wa Biblia, kuanzia Krapf na Steere katika karne ya 19 hadi tafsiri ya Union iliyotolewa mwaka 1952, walikopa msamiati wa dini uliokwisha kukomaa pwani: imani, rehema, dua, subira. Maneno hayo hayakuja matupu. Mkristo wa Bomet anaposikia "Ayubu" na "subira" zikitajwa pamoja, anapokea, pengine bila kujua, Ayubu wa utendi aliyevishwa kanzu ya Biblia. Waraka wa Yakobo nao, unaomsifu Ayubu kwa kuvumilia kwake, umesaidia kuufunga mshono usionekane.

Ayubu wa Kiebrania anakataa kufungwa hivyo. Mfano bora zaidi ni sura ya 13, aya ya 15, ambayo imewasumbua wafasiri kwa karne nyingi. Maandishi ya Kiebrania yana neno dogo ambalo, likiandikwa kwa herufi moja, humaanisha "si", na likiandikwa kwa herufi nyingine humaanisha "kwake". Matamshi ni mamoja. Wanakili wa kale waliandika la kwanza, wakaagiza lisomwe la pili. Kwa namna moja Ayubu anasema kwamba Mungu atamuua naye hana tumaini. Kwa namna nyingine anasema kwamba hata akimuua atamtumainia. Tafsiri ya Kiingereza ya King James ilichagua tumaini, na kutoka huko aya hiyo ikawa nguzo ya mahubiri mengi ya kumtegemea Mungu. Mhakiki hana haja ya kuchagua. Mapokeo yenyewe yaliacha njia zote mbili wazi, kana kwamba yalijua kuwa kinywa kinachokata tamaa na kinywa kinachotumaini hutoa sauti ileile, na kwamba anayesikiliza kutoka nje hawezi kuzitofautisha.

Kuna watakaopinga kwamba kilio kikiruhusiwa kitaibomoa imani, na kwamba mchuma chai mwenye kuamka alfajiri katika baridi ya Kericho anahitaji kutiwa moyo, wala si kupewa maneno ya kumshtaki Muumba. Pingamizi hili lina uzito. Anayeishi kwa ujira wa kilo hana nafasi ya kuifanya huzuni kuwa starehe ya akili, kama wafanyavyo wasomi. Hata hivyo, kitabu chenyewe kimekwisha kulijibu. Katika sura ya 42, kabla ya kurudishiwa chochote, Mungu anawakasirikia rafiki watatu kwa kuwa hawakunena ya kweli juu yake kama alivyonena Ayubu. Rafiki hao ndio waliomtetea Mungu muda wote. Waliyoyasema yangepita vizuri katika ibada yoyote: tubu, utabarikiwa, Mungu hamwachi mwenye haki. Aliyelalamika ndiye aliyethibitishwa.

Wahakiki wa mrengo wa kushoto nao hawawezi kujipongeza. Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), iliyowaweka wafanyakazi wa shamba la mzungu jukwaani, imefundishwa kama jibu kwa fasihi ya kuvumilia. Kilio chake kinaelekezwa kwa mwajiri na kwa jamii, na kina haki ya kuelekezwa huko. Lakini usomaji uliozoeleka umechukulia kwamba aliaye kwa Mungu ameacha kulia kwa mwajiri. Zaburi hazithibitishi hivyo: zimejaa maskini wanaomlilia Mungu na kuwataja wakandamizaji wao katika pumzi moja. Kilichokosekana katika makanisa ya nchi ya chai ni kilio cha aina zote mbili, na huenda kutoweka kwa kimoja kumekirahisisha kutoweka kwa kingine. Kiswahili hakikosi vyombo vya kukibeba. Mathias Mnyampala, mshairi Mkristo kutoka Ugogo, aliandika Utenzi wa Zaburi katika umbo lilelile lililombeba Ayubu wa pwani. Inashangaza kwamba kazi hiyo haiko midomoni mwa waumini, ilhali tenzi zilizofasiriwa kutoka Ulaya na Marekani, zenye merikebu na bandari, huimbwa kwa moyo na watu ambao wengi wao hawajaiona bahari, huku mvua ya mawe, ambayo Kericho inasifika kwayo na ambayo huweza kuyaharibu majani ya msimu kwa alasiri moja, ikikosa utenzi.

Iko sentensi moja katika eneo hili inayofanya kazi ambayo ushuhuda umeshindwa kuifanya. Ni kauli mbiu ya Hospitali ya Tenwek, Bomet, kituo cha misheni kilichompata daktari wake wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959. Kauli hiyo ni ya Kiingereza; kwa Kiswahili ni kusema: sisi tunatibu, Yesu anaponya. Msomaji wa haraka atasema ni kisingizio cha kitabibu, kwamba mgonjwa akifa lawama ipelekwe kwingine. Msomaji wa pole ataona kwamba kati ya vishazi viwili hivyo hakuna "kwa hiyo" wala "ikiwa". Zaidi ya hayo, mgonjwa hayumo katika sentensi. Ushuhuda husema "niliamini, nikapona", na kiambishi -ka- huigeuza imani ya mgonjwa kuwa chanzo cha kupona kwake. Asiyepona basi hakuamini sawasawa. Kauli ya Tenwek haimpi mgonjwa mtihani huo. Kitenzi "kupona" katika Kiswahili ni kupata nafuu na pia ni kunusurika, na wote wanaotoka katika lango lile, waliopona na waliobebwa, wanatoka bila kushtakiwa.

Mwisho wa Kitabu cha Ayubu una hesabu ambayo ushuhuda huipenda. Kondoo walikuwa 7,000, wakawa 14,000. Ngamia walikuwa 3,000, wakawa 6,000. Ng'ombe na punda vivyo hivyo. Mhubiri hufika hapo, sauti ikapanda, na watu wakaitikia. Lakini watoto walikuwa kumi, wana saba na mabinti watatu, na waliozaliwa baadaye ni wana saba na mabinti watatu. Msimulizi wa kale aliyezidisha punda kwa mbili hakuwazidisha watoto, wala hakuandika popote kwamba wale kumi wa kwanza walirudi.