Kidole Chini ya Shingo

Jumamosi iliyopita, harusini hapa Eldoret, watu walipokezana sotet mpya, kibuyu cha maziwa, iliyopakwa vanishi ikang'aa, shanga mpaka kwenye kifuniko, na kila mmoja akaisifu. Nikaomba nionje. Uchungu wa kibuyu ulikuwa haujatoka, na chenga za makaa zikanibaki menoni. Ile si mursik, maziwa yetu Wakalenjin ya kugandishwa kibuyuni. Ni maziwa lala yaliyotiwa masizi.

Sotet mpya huhukumiwa kwa ndani. Kibuyu kikaukie shambani, mpaka mbegu zilie ukikitikisa. Kilichochumwa kibichi kikaanikwa juu ya bati, usikinunue. Kisha kijazwe maji, yamwagwe, kijazwe tena, mpaka ukiyaonja usikie maji tu. Wengi huchoka siku ya tatu, na uchungu wa harusini ulitokana na uvivu huo.

Halafu moto. Mti wa senetwet, basi. Wapo wanaotumia miti mingine. Mimi kwao sinywi. Kijiti chenye kaa jekundu husuguliwa ndani, kisha sosiot, ufito wa kusugulia, husaga makaa mpaka yalainike na kushika ukutani.

Sasa bega. Pale shingo inapopanuka kuwa tumbo pana mzingo ambao sosiot iliyonyooka huupita bila kuugusa. Tumbo litakuwa jeusi, kitako cheusi, na bega limebaki na rangi ya kibuyu kitupu. Maziwa yakijaa hufika hapo hapo, na hapo ndipo yanapoanza kuharibika. Ingiza kidole, kikunje, pangusa chini ya shingo. Kitoke na weusi mwembamba, mkavu, usio na chenga, unaonukia moshi mtamu. Kikitoka safi, irudishe kwa mwenyewe. Kikitoka na unga mzito, ujue mtu alimwaga makaa yaliyosagwa, akatikisa, akakimbilia sokoni.

Gogo, nyanya yangu, aliichoma sotet, akaisugua, akaiacha ilale, akarudia mara nne. Jirani yake mmoja mzee, aliyewinda kabla uwindaji haujapigwa marufuku mwaka 1977, alikuwa akimtazama na kusema kwamba ndivyo alivyouzoeza mtutu mpya wa bunduki: risasi moja, kitambaa, risasi nyingine, kitambaa, mpaka uchafu upungue. Yeye alisoma kitambaa, gogo alisoma kidole.

Mchuuzi mmoja aliwahi kuniuzia sotet "ya zamani", nje imeiva rangi ya asali. Nilipoipangusa kwa maji moto, rangi yote ikahamia kwenye kitambaa: majani ya chai na mafuta. Rangi ya kweli huletwa na mikono ya miaka mingi, na nyumba zenye sotet za namna hiyo zinapungua. Jagi la plastiki limechukua nafasi ya sotet.

Wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege wa Eldoret na medali, akina mama huwanywesha mursik mbele ya kamera. Wengine hutazama medali. Mimi hutazama maziwa yanapofika ukingoni. Nikiyaona yana ule ubuluu wa kijivu, umeenea sawasawa bila madoa, najua kuna mtu nyumbani aliyeingiza kidole.