Waliobomoa Msingi Wao

Watengenezaji wa programu husifiwa kwa walichoongeza: kitufe kipya, ukurasa mpya, rangi mpya. Mimi nataka kuwasifu kwa kazi ambayo mtumiaji haioni kabisa, ile ya kubomoa msingi wa programu ambayo watu tayari wanaitegemea, na kuujenga upya. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Prometheus, programu huria ya kufuatilia hali ya seva.

Ilianza mwaka 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud, jijini Berlin, mikononi mwa wahandisi waliowahi kufanya kazi Google. Kila baada ya sekunde kadhaa huzipitia seva moja moja na kuziuliza: umepokea maombi mangapi, kumbukumbu imebaki kiasi gani? Jibu huandikwa pamoja na saa yake. Majibu ya swali moja kutoka chanzo kimoja ni mfululizo, na katika muundo wa zamani kila mfululizo ulikuwa na faili lake.

Muundo huo haukuwa wa kizembe. Ulifaa wakati seva zilipokaa miezi na miezi kwa majina yale yale. Ikaja Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena, na kontena hizo zikawa zinazaliwa na kufa mchana kutwa, na kila kontena jipya likadai mifululizo yake. Mafaili yakafika mamilioni. Diski ikawa inaandikwa vipande vidogo vidogo huku na kule, jambo linalochosha diski za SSD, na ili kufuta data iliyopitwa na wakati ilibidi mafaili yapitiwe moja moja na kuandikwa upya.

Hapo Fabian Reinartz, mmoja wa watengenezaji wa Prometheus, akafanya jambo ninalolistahi sana. Hakutia viraka. Alichunguza data inavyoingia na inavyoulizwa, kisha akabadili mgawanyo wenyewe: badala ya kuigawa kwa mfululizo, akaigawa kwa muda. Katika toleo la 2.0, lililotoka Novemba 2017, data mpya hukaa kwenye kumbukumbu, huku nakala yake ikiandikwa papo hapo kwenye diski ili programu ikianguka isipotee. Baadaye kila saa mbili za data hufungwa katika folda yake. Ukiifungua utakuta vipande vya data, faharasa ya lebo zinazotambulisha kila mfululizo, orodha ya vilivyofutwa, na faili dogo la meta.json linalosema folda inaanza saa ngapi na kuishia saa ngapi. Ikishafungwa, vipande vyake havibadilishwi. Data ikizeeka, folda nzima hufutwa kwa mkupuo. Tatizo lililowasumbua watu liliisha kwa sababu mtu alijua pa kukata.

Ndani ya vipande vyenyewe kuna uangalifu mwingine. Seva ikiulizwa kila sekunde 15, hakuna haja ya kuandika saa kamili kila mara. Huandikwa tofauti ya tofauti. Mwendo usipobadilika jibu ni sifuri, na sifuri hiyo huchukua biti moja tu. Kipimo kisipobadilika, nacho biti moja. Wahandisi wa Facebook walioieleza mbinu hii mwaka 2015 walishusha rekodi moja kutoka baiti 16 hadi wastani wa baiti 1.37.

Gharama ilikuwepo. Toleo la 2.0 halikuweza kusoma diski ya matoleo ya kwanza. Aliyehitaji data yake ya nyuma aliliacha toleo la 1.8 liendelee kukaa pembeni, na lile jipya likawa linaliuliza kupitia mtandao. Naona huo ni uungwana: gharama ilitajwa wazi, na njia ya kuibeba ikaonyeshwa.

Msimbo wote uko wazi chini ya leseni ya Apache 2.0, sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya Go, na sehemu hii ya kuhifadhi data imo katika folda iitwayo tsdb. Wewe unayejifunza kuandika programu, usiishie kuitumia Prometheus. Ifungue folda hiyo, uisome.