Mawe ya Sultani wa Kilwa

Boma la Kale, pale Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, lilijengwa kati ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Wengi hupita hapo wakiwahi boti bila kuinua macho. Mimi kila nipitapo husimama, kwa sababu ufundi ule ulikuwa umeshapevuka pwani hii zaidi ya miaka mia tano kabla ya Majid, na hakuna aliyeupa kazi kubwa kuliko Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa.

Al-Hasan alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ikipitia Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331 na kusimulia ukarimu wake, uliomfanya aitwe Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Sarafu yake ya shaba imepatikana hata Great Zimbabwe. Lakini sifa yake iliyodumu zaidi imo katika mawe, nayo aliipata kwa mikono ya waashi ambao hatujui jina hata la mmoja.

Kazi yao ilitaka subira. Kuta zilijengwa kwa jiwe gumu la nchi kavu. Mihrabu, miimo ya milango na nakshi zilichongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini. Likiwa bichi hukatika kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Kwa hiyo mchongaji alipaswa kuwa ameshaiona nakshi yote kabla ya kugusa jiwe. Chokaa nayo ilichomwa kwa kupanga matumbawe juu ya rundo la magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikomae. Aliyeharakisha hatua hiyo aliona ukuta wake ukimsuta.

Paa ndilo lililokuwa mtihani. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya kale vya Waswahili ni virefu na vyembamba. Katika Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan lenye vyumba zaidi ya mia moja ukingoni mwa bahari, waashi waliupita mpaka huo kwa kuba na matao, wakachimba na birika la pembe nane. Msikiti Mkuu ulipanuliwa pia, ukapewa kuba kubwa. Upanuzi huo ulianguka baadaye, ukajengwa upya karne ya 15. Kwangu anguko hilo ni ushahidi kwamba walithubutu. Nauona uthubutu wa namna hiyo Kariakoo, katika miavuli ya zege ambayo msanifu majengo Beda Amuli aliezekea soko miaka ya 1970.

Siku hizi madukani Kariakoo tunanunua saruji, inayokauka upesi na kufaa ghorofa zetu. Ukutani mwa matumbawe haifai. Ni ngumu mno kwa jiwe lile, huzuia unyevu usitoke, na lipu hubanduka pamoja na jiwe lenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Boma la Kale nalo linadai dawa ileile ya waashi wa al-Hasan: chokaa iliyochomwa vizuri, na fundi asiye na haraka.