Kikombe Chenye Miguu

Juni 2014, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, Microsoft walipitisha mbele ya watazamaji rundo la gemu za studio ndogondogo. Kila moja ilipata muda wa kuonekana na kutoweka, kama sura unayoiona dirishani mwa daladala inayopishana na yako. Katikati ya msururu huo kikapita kijikombe chenye miguu: kaptura nyekundu, mrija wa michirizi umechomoza kichwani, kinafyatua risasi kwa kidole. Kikapotea. Waliotazama hawakupata hata nafasi ya kuelewa gemu yenyewe inachezwaje, lakini swali moja likaanza kusambaa: hivi hii imechorwa kwa mkono?

Si swali la kawaida la mpenzi wa gemu. Yeye huuliza inatoka lini, inachezwa kwenye mashine gani, bei gani. Na kuhusu sura, miaka ile sifa ilikuwa kufanana na kweli: jasho la mchezaji mpira lionekane likitiririka, nyasi zipepee moja moja. Hapa watu walikuwa wamesimamishwa na mstari unaotetemeka na rangi iliyofifia kama khanga iliyofuliwa misimu mingi. Walichokitambua, kabla hawajapata neno la kukitaja, kilikuwa mkono wa mtu.

Gemu hiyo ni Cuphead, ya ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, ambao studio yao inaitwa Studio MDHR. Utotoni walikuwa wakitazama kanda za video za bei ya chini zilizokusanya katuni za miaka ya 1930, na mapenzi hayo hayakuwatoka. Nyingi ya katuni walizozihusudu zilitoka kwa Max na Dave Fleischer, ambao studio yao ya New York ilimleta Betty Boop mwaka 1930, na mwaka 1933 ikampeleka Popeye, baharia mla mchicha, kwenye sinema. Ukizitazama leo utaona kwamba humo hakuna kitu kinachotulia. Nyumba inahema, meza inapiga hatua, mwezi unakunja uso, na kila kiumbe kinanesanesa kwa mdundo wa jazi hata kama hakina shughuli. Mikono haina viwiko na miguu haina magoti. Inapinda popote, kama mpira wa kumwagilia bustani. Huo ulikuwa ujanja wa kazi vilevile. Kiwiko lazima ukikumbuke mahali pake katika kila mchoro, mpira unaupinda tu ukaendelea.

Sasa sogea mezani kwa mchoraji. Sinema ilikwenda kwa picha 24 kila sekunde, na ndugu hawa wakaamua wahusika wao waende kwa mwendo huohuo. Piga hesabu: dakika moja, ukichora kila picha upya, ni michoro 1,440. Mchoro wa kwanza ni wa penseli, juu ya karatasi iliyotobolewa matundu ukingoni ili ikae kwenye vijiti isisogee. Mchoraji analaza karatasi ya pili juu ya ya kwanza, anauona mstari wa chini, anausogeza unywele mmoja. Analaza ya tatu. Penseli ikimaliza, wino unapita juu yake, na sehemu kubwa ya wino huo ilipita mkononi mwa Maja Moldenhauer, aliyeolewa katika familia hiyo. Kisha karatasi zinaingia kwenye skana, na hapo ndipo kompyuta inapokaribishwa, itie rangi. Mandhari ya nyuma, yaani misitu, bandari na viwanja vya sarakasi, yalipakwa kwa rangi za maji kwenye karatasi halisi. Caitlin Russell ni mmoja wa walioyapaka.

Mtu mwenye haraka atauliza: wino wa kweli wa nini, kama mwisho wa yote ni kioo cha televisheni? Jibu liko kwenye mpini wa kikombe. Upitishie wino mpini huo mara 20, na hakuna mara mbili zitakazolingana. Huku mstari umenenepa kidogo, kule umekonda, pale mkono ulikuwa umechoka. Picha zikipita haraka, tofauti hizo zinageuka pumzi: kikombe kimesimama, hakifanyi lolote, na bado ukingo wa mwili wake unahema. Kompyuta nayo ukiiagiza itautetemesha mstari, lakini itautetemesha kwa nidhamu, na jicho la binadamu ni kali sana kwa nidhamu ya namna hiyo. Ndiyo maana sekunde chache zilitosha.

Kuna jambo ambalo sekunde zile hazikuweza kulionyesha, na kwangu ndilo kilele cha ufundi wao. Mchoraji wa katuni hufundishwa mapema kwamba kiumbe hakianzi mwendo ghafla. Anayetaka kuruka huchuchumaa kwanza, anayetaka kupiga ngumi huvuta mkono nyuma. Kwenye sinema hiyo ni ladha. Kwenye gemu ni balaa: mchezaji akibonyeza kitufe anataka kuruka sasa hivi, si baada ya michoro sita ya kuchuchumaa. Uzuri wa mchoro na utii wa kitufe vinagombea kipande kilekile cha sekunde. Cuphead iliamua ugomvi huo kwa kugawa mali. Kikombe cha mchezaji kikapewa utii, kinaruka papo hapo. Maandalizi yote marefu, manono, ya kuchekesha, wakapewa maadui. Ua liitwalo Cagney Carnation halikushambulii hivihivi. Linajivuta, linajipinda, uso unabadilika. Mbwembwe za miaka ya 1930 zimekuwa onyo, na anayejua kulisoma onyo hupona. Hata rangi ya waridi haikuwekwa kwa urembo: kitu cha waridi kikikujia hewani unaweza kukizaba kofi, na kofi hilo linakupa nguvu. Kila pambo limetafutiwa kazi.

Mwaka uliofuata, Juni 2015, walirudi E3 na kipande kirefu zaidi, na shangwe ikawa ya namna nyingine. Gemu iliyokuwa mezani wakati ule ilikuwa ndogo, karibu yote ni mapambano na mabosi, bosi mmoja baada ya mwingine. Watu waliona michoro ile wakataka zaidi: wakimbie ndani ya dunia hiyo, waruke, wapite madarajani na msituni. Ndugu wale wakawasikia. Wakaacha kazi zao, wakaweka rehani nyumba zao, wakaongeza wachoraji na kuongeza levo za kukimbia na kufyatua. Sijui kama aliyeandika wakati ule kwamba angependa levo za kuruka alijua anaagiza maelfu ya karatasi.

Basi ikawa kungoja. Ilitarajiwa 2016, 2016 ikapita. Niliwahi kumngoja fundi seremala miezi minane kwa ajili ya kitanda, kila nikienda namkuta anapiga msasa, kwa hiyo naijua hasira ya mngojaji na naijua pia aibu inayompata siku kitanda kinapofika. Cuphead ilifika tarehe 29 Septemba 2017. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni moja, na Desemba ikachukua tuzo ya mwelekeo wa sanaa kwenye The Game Awards. Nyongeza yake waliitangaza 2018 na kuitoa 30 Juni 2022. Hawakujifunza kuharakisha, nami nawashukuru kwa hilo. Muziki sitauongelea sana, ingawa unastahili: Kristofer Maddigan aliuandika kwa mtindo wa jazi ya bendi kubwa, wakaurekodi na wanamuziki wa kweli wanaopuliza tarumbeta za kweli, kwa ubishi uleule wa wino.

Lakini si kila aliyeziona picha zile alifurahi, na mimi siwezi kupita hapa kimya. Katuni za miaka ya 1930 ziliwachora watu weusi kama vitu vya kuchekwa, midomo mikubwa na macho ya kutoka. Dansi zake na glavu zake nyeupe zina ujamaa na yale maonyesho ya jukwaani ambako Wazungu walijipaka masizi usoni kutuigiza. Mwaka 1932 studio ya Fleischer ilimpiga picha mwanamuziki wa jazi Cab Calloway akicheza, ikafuatisha mwendo wake mstari kwa mstari, ikamgeuza mzimu wa mnyama wa baharini. Mwaka huohuo, katika katuni nyingine ya studio hiyo, kichwa cha mwanajazi mwenzake Louis Armstrong kilielea hewani, bila mwili, kikiwafukuza wahusika porini kama mla watu. Jazi ilikuwa yetu na kejeli ilikuwa juu yetu, zikaja kwenye sahani moja. Studio MDHR walichukua mikono ya mpira wakaiacha kejeli. Wapo waliosema hiyo haitoshi, kwamba mtindo haufuliki kama shati. Naona walifanya vema kuiacha, ila kuiacha si kuitaja, na Mfalme Dadu wa gemu hiyo, kwa masharubu na maringo yake, ananikumbusha Calloway kila anapotokea. Namfurahia, kisha najiuliza ninafurahia nini.

Mwaka 2023 studio ya Warsaw iitwayo Fumi Games ilionyesha vipande vya kwanza vya gemu yake ya panya mpelelezi, nyeusi na nyeupe tupu, mikono ya mpira ikishika bastola. Swali likaibuka upya, lilelile: imechorwa kwa mkono? Nilicheka. Miaka tisa ilikuwa imepita, mashine zilikuwa na nguvu kupindukia, na watu bado walikuwa wanautafuta mkono.

Waliouona mkono wa Cuphead mwaka 2014 walikuwa na bahati ambayo hawakuijua: hawakuwa na kitu cha kubonyeza. Nimeligundua hilo nyumbani, kwa mpwa wangu wa miaka 15, aliyekuwa amekwama wiki nzima kwa lile ua. Mimi hukaa nyuma yake na kikombe cha chai. Jioni moja nikawa nacheka peke yangu.

"Mjomba, unanicheka?"

"Nalicheka ua lako. Angalia linavyocheza."

"Linacheza wapi?"

Alikuwa amekufa mbele ya ua hilo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hakuwahi kuliona likicheza. Macho yake yalikuwa kwenye mbegu zinazodondoka na kwenye miguu ya kikombe chake. Alilijua ua hilo kama dereva anavyolijua shimo la barabarani. Akafa tena palepale. Kwenye kioo ikaja ile picha ya adui akimsimanga, na chini yake mstari unaoonyesha umbali uliofikia kabla ya kuanguka. Alibakiza kidogo sana. Kwa kawaida huo mstari humtia wazimu, hubonyeza kuanza upya kabla haujamaliza kujichora.

Safari hii alianza upya, halafu akaiweka padi mapajani. Kikombe kikabaki kimesimama kwenye majani, kinahema. Ua likayumba kushoto, likayumba kulia, limetabasamu kama mgeni wa harusi aliyewahi kufika. Likajivuta, likampiga. Akasogea karibu na kioo. Likampiga mara ya pili, na ya tatu, naye hakugusa kitufe.