Kitu Gani Kilimvuta Tippu Tip?

Watu husema ya kuwa Mzungu alisafiri apate kujua, na Mwarabu na Mswahili wapate pembe. Twataka kuipima kauli hiyo kwa kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeyaeleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Kurasa nyingi ni hesabu: pembe, vita, deni, tena pembe. Hapo kauli ile yapata nguvu. Lakini tazama habari za mwaka 1876, Stanley alipomwomba amsindikize kuufuata mto Kongo. Jamaa zake walimwambia ana wazimu. Pembe anazo, amfuatie nini Mzungu? Akawajibu ya kuwa huenda kweli ana wazimu, na wao wenye akili washike mambo yao. Stanley ameandika ya kuwa alimwahidi reale 5,000 kwa vituo 60. Tippu Tip asema hakwenda kwa ajili ya fedha. Labda ajisifu. Walakini mtu ambaye hesabu ndiyo lugha yake, hapa aiacha, na kwetu sisi ukurasa huo wawashinda wenzake wote.

Kasoro ya kitabu ni kubwa. Wapagazi na watumwa hawakuulizwa kama wataka kuona mto uendako. Ndui iliwaua watu katika msafara ule. Stanley ametaja maradhi hayo. Majina yao hatuyapati kwa Tippu Tip.