Uvundo wa Mashine ya Kufulia: Utando, Povu na Maji ya Mvua

Uvundo, yaani harufu nzito ya unyevunyevu inayobaki kwenye mashine ya kufulia hata baada ya nguo kutolewa, kwa kawaida chanzo chake ni utando, ambao ni tabaka lenye utelezi linalojengwa na bakteria na kuvu pale ambapo mabaki ya sabuni, jasho na nyuzi za nguo hukutana na maji yasiyokauka. Anayefunua mpira wa mlango kwa kidole huukuta kwenye mkunjo wa chini, ukiwa wa kijivu na umeshikilia nywele.

Mwaka 2012 watafiti wa Kijapani walitenga vijidudu kutoka kwenye nguo zilizofuliwa lakini bado zinanuka, wakabaini kuwa bakteria aitwaye Moraxella osloensis ndiye anayezalisha asidi yenye harufu hiyo. Lililo zito zaidi ni kwamba bakteria huyo huhimili ukavu na miale ya jua, kwa hiyo nguo iliyoanikwa ikakauka kabisa yaweza kunuka tena mara inapolowa jasho.

Katika kata ya Nyabiyonza, kwenye nyanda za juu za Karagwe, mvua za Machi hadi Mei haziipi mashine nafasi ya kukauka, na maji yanayokingwa kwenye mabati ni laini, maana yake hayana chokaa, hivyo sabuni hutoa povu haraka na kipimo kinachofaa maji magumu huwa kimezidi. Povu hilo lisilosuuzika ndilo hulisha utando. Ushauri wa kumimina siki, unaofaa penye maji yanayoacha magamba ya chokaa, hauna kazi kubwa hapa, na dawa ya kulainishia nguo yenye manukato huongeza tatizo, kwa kuwa huacha mafuta mapya juu ya utando wa zamani.

Kazi huanza kwa mkono: kisanduku cha sabuni husuguliwa kwa mswaki uliochakaa, chujio la maji machafu hufunguliwa, na mkunjo wa mpira hufutwa hadi kitambaa kitoke safi, kwani utando mnene huzuia dawa kupenya. Kisha mashine yenye kipasha maji huzungushwa tupu kwa nyuzijoto 60 au zaidi. Isiyo nacho, kama zilivyo nyingi zenye mapipa mawili, hujazwa maji yenye jiki, ikaachwa takriban saa moja na kusuuzwa mara mbili. Jiki haichanganywi na siki kamwe, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Baada ya kila ufuaji mlango huachwa wazi, na nguo hutolewa mara mashine inaposimama, hata kama mvua bado inanyesha na kamba italazimika kufungwa ndani.