Sura ya Ugonjwa katika Michoro ya Bayeye

Mwanafunzi wa historia ya sanaa akitajiwa picha ya ugonjwa, jambo la kwanza analolitazamia ni mwili: kidonda, uvimbe, jicho lililozama, mkono uliokonda. Matazamio hayo amefundishwa na vitabu, na vitabu hivyo aghalabu vimetoka Ulaya. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba matazamio hayo yaweza kutupotosha tunaposimama mbele ya michoro ya Usukuma, na kwamba hasara ya kupotoka huko haiishii darasani. Yamfikia hata mchenjuaji wa dhahabu anayeishi leo Segese, katika Msalala, mkoani Shinyanga.

Michoro ninayoisema ni ya Bayeye, wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka. Chama chao, Buyeye, kilikuwa na miiko yake, dawa zake na nyimbo zake, na mtu hakuingia ndani yake ila kwa kufundishwa. Kuta za ndani za nyumba za mafunzo hayo zilichorwa nyoka, watu wa masimulizi, wanyama na vitu vya mbinguni. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya Tanganyika, aliandika makala juu ya chama hicho mwaka 1946. Mwaka 1953 alichapisha mjini London kitabu kizima juu ya michoro ya wacheza nyoka. Alifariki mwaka 1962, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi tusiopata kuingia katika nyumba zile twaijua michoro hiyo hasa kwa njia ya nakala.

Sasa atazame msomaji nakala hizo. Hapa pana chama ambacho kazi yake ni kuponya, na huku kinachotawala ukuta si mwili wa mgonjwa. Ni nyoka. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hizi si picha za ugonjwa hata kidogo: ni mapambo, au ni hadithi za kale zilizotiwa rangi. Nadhani hukumu hiyo ina kosa, na kosa lake ni kusahau kazi ya mganga.

Katika nchi ile kifutu hulala kimya njiani, na sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Koboko hana subira, na sumu yake hushika mishipa ya fahamu hata pumzi ikakatika. Swila hurusha mate yenye sumu, yakaunguza jicho. Haya ni magonjwa matatu, si moja, na mganga asiyejua ni nyoka gani aliyeuma hajui atibu nini. Kwa hiyo mtu anayejifunza kazi hiyo lazima aanze na nyoka kabla ya jeraha. Kwa Bayeye nyoka ndiye ugonjwa wenyewe kabla haujaingia mwilini, na kumchora yeye ni kuuchora ugonjwa mahali unapoweza kuzuiwa. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mshtuko ule ni elimu iliyopatikana kwa maumivu. Ukuta wa Bayeye ulitaka kumpa mwanafunzi elimu hiyo bila ya kumpitisha kwanza katika maumivu.

Ili tuone tofauti vizuri, tulinganishe na picha inayosifiwa kuliko nyingi katika habari hizi, yaani ile ya madhabahu ya Isenheim iliyochorwa na Matthias Grünewald baina ya mwaka 1512 na 1516, ambayo sasa iko Colmar, Ufaransa. Ilifanywa kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antonio, waliowauguza watu wenye maradhi yaliyoitwa moto wa mtakatifu huyo. Maradhi yale yaliunguza viungo vya mtu mpaka vikakatika. Grünewald alimchora Kristo msalabani mwenye ngozi iliyojaa vidonda, na katika pembe ya ubao mwingine akamweka kiumbe mwenye tumbo lililovimba na majipu mwili mzima. Wagonjwa waliiona picha hiyo na kutambua kwamba aliyeteswa aliteswa kama wao. Hiyo ni huruma kubwa, wala sikusudii kuipunguza.

Walakini yafaa tujiulize kwa nini mchoraji yule alikuwa na mwili tu wa kuchora. Chanzo cha moto ule kilikuwa kuvu lililoota katika nafaka iitwayo shayiri nyeusi, likasagwa pamoja nayo na kuliwa katika mkate. Ilipita zaidi ya karne moja baada ya picha kumalizika kabla waganga hawajathibitisha jambo hilo. Grünewald hakuweza kuuchora mkate, maana hakuna aliyejua kwamba mkate ndio adui. Alichora alichokiona, na alichokiona ni mateso.

Mtu asidhani kwamba naigawa dunia mafungu mawili, Ulaya ya mwili na Afrika ya chanzo. Wapende wa kusini-magharibi ya Kongo wana kinyago kiitwacho mbangu, nusu cheupe nusu cheusi, chenye uso uliopinda, nacho ni sura ya mtu aliyeugua kwa kurogwa. Hapo Mwafrika amechonga mwili wenye dalili kwa ufundi usio na upungufu. Basi tofauti haiko katika bara wala rangi ya msanii. Iko katika swali analoulizwa. Akiulizwa, "Mgonjwa ana hali gani?" hutoa uso. Akiulizwa, "Ugonjwa umepita wapi?" hutoa nyoka.

Dhidi ya Bayeye pana hoja mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba sanaa ya namna hii haimpi mgonjwa nafasi ya kulia. Mama aliyepoteza mtoto kwa sumu ya koboko hatamwona mtoto wake ukutani, atamwona koboko. Hoja hii naikubali, na sina dawa yake. Ya pili ni kwamba elimu ile ilikuwa ya siri, na kwamba tangu hapo hospitali imeleta dawa ya kuzima sumu ambayo chama hakikuwa nayo. Hiyo pia ni kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipoingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, lilikadiria vifo baina ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mambo yaliyosahauliwa na wakubwa wa dunia yalikuwa yamekumbukwa na Bayeye juu ya udongo, miaka mingi kabla.

Sasa twende Segese. Huko nyoka wapo bado, lakini katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Msalala hadi Geita, amezuka mwingine asiye na magamba. Wachimbaji wadogo husaga mawe, huosha unga wake kwa maji, kisha huchanganya na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki huruka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na anayeuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, kusahau, na kuwa mwepisi wa hasira. Majirani husema amezeeka, au amelewa, au amerogwa.

Dunia imepata picha moja mashuhuri ya sumu ya zebaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1971 Mmarekani W. Eugene Smith alipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na sumu ile mwilini. Picha ilichapishwa mwaka uliofuata, ikautikisa ulimwengu. Lakini binti alifariki mwaka 1977, na baadaye wazazi wakachoka kumwona mtoto wao akiendelea kuzunguka duniani katika hali ile. Aileen Smith, mwenye haki ya picha, alikubali, nayo ikazuiwa kwa miaka mingi. Jambo hilo linatufundisha kwamba mwili wa mgonjwa si mali ya mtazamaji, hata mtazamaji mwenye nia njema.

Kisha picha ile haimfai sana mchenjuaji wa Segese. Yeye hakula samaki; amevuta mvuke. Binti wa Minamata hafanani naye, basi atajiambia kwamba yeye ni mzima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini mkataba haubandikwi ukutani ukasomwa na mtu mwenye karai mkononi. Linalohitajika ni lile walilolijua Bayeye: kumchora nyoka. Na kwa kuwa nyoka huyu hana umbo, mchoraji atamchora kwa matendo yake: karai, makaa, donge linalong'aa, mtu aliyeinama na pua yake juu ya moshi, na mtoto mgongoni mwa mama aliyesimama karibu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hiyo husemwa kwa mgonjwa, lakini yafaa isemwe pia kwa mhakiki aliyeufanya ukuta wa waganga kuwa pambo. Mwanafunzi atakayefungua nakala za Cory asitafute kwanza nani anaumwa. Aulize mchoro ulimkinga nani, na dhidi ya nini. Akiisha kupata jibu, aende machimboni na kalamu yake.